Nimeijua National Housing kupitia mabomba yake

Mimi ni fundi bomba. Naandika hii usiku, mikono bado inanuka gluu ya PVC, sababu leo mchana kijana mmoja kwenye saiti huko Kira, karibu na Kampala, ameniuliza swali na sikuweza kumjibu vizuri nikiwa juu ya ngazi. Ameniuliza, "Fundi, hizi kampuni za maesteti kazi yao hasa ni gani? Si wananunua ardhi, wanakata plot, wanauza, basi?" Nikamwambia ngoja nishuke, nikashuka, mwenye nyumba akafika, habari ikaishia hapo. Lakini limenikaa kichwani siku nzima.

Sasa mdogo wangu, kama unasoma hii, jibu langu ni refu, linapitia National Housing, shirika la nyumba la serikali ya Uganda, na linaanzia mbali.

Mimi nimezaliwa barakisi, kambi ya polisi. Baba alikuwa polisi, koplo, na sisi watoto wa barakisi ndio maana Kiswahili kinatutoka hivi bila kufikiria, sababu mlango huu ni Mwacholi, ule Mugisu, ule Munyankole, na wote mnagombania bomba moja la maji asubuhi, mtaongea lugha gani? Tulilala kwenye unipoti, kile kibanda cha bati cha mviringo ambacho kila aliyepita barakisi za Kampala anakijua. Mchana ni jiko, usiku ni baridi kama friji. Mama alikuwa anatundika shuka katikati, upande huu wao, upande ule sisi watano. Bomba lilikuwa nje, moja kwa safu nzima ya unipoti, na choo ndio usiseme. Nadhani mtu aliyekulia hivyo akiona nyumba haangalii rangi kwanza. Anauliza maji yanatoka wapi na uchafu unaenda wapi. Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu mara ya kwanza macho yanaenda chini ya sinki.

Toka barakisi tulikuwa tunateremka kwenda kwa mama mdogo, yeye alipanga kwenye zile nyumba za zamani za Naguru na Nakawa. Hizo zilijengwa na Waingereza, miaka ya mwisho mwisho ya ukoloni, kwa ajili ya Waafrika wanaofanya kazi mjini. Kabla ya hapo serikali ya kikoloni ilikuwa inamchukulia Mwafrika wa mjini kama mtu wa kupita tu, afanye kazi arudi kijijini kwao, kwa hiyo nyumba ya nini. Ndipo miaka ya 1940 akaletwa Mjerumani mmoja mchoraji wa miji, Ernst May, aliyekuwa amejenga sana huko Frankfurt, akachora mpango wa kupanua Kampala upande wa Kololo na Naguru, na kwenye huo mpango kilima cha Naguru ndicho kikawekwa kuwa cha Waafrika. Ubaguzi ulikuwemo, kila rangi na kilima chake, hilo halifichiki. Lakini pia mistari ilinyooka. Mtu alikaa akafikiria mtaro upite wapi kabla ya tofali la kwanza. Nilikuja kulielewa hilo nikiwa mkubwa nimeshika sepetu.

Mwaka 2011 zile nyumba zikavunjwa zote, ardhi ilikuwa imepangiwa mji mpya wa kisasa wenye maflati na maduka. Mama mdogo alitoka na godoro, masufuria na mlango. Mlango wenyewe aliung'oa kwenye fremu, akasema huu nimeupaka rangi mimi mwenyewe. Akaenda kupanga muzigo Kinawataka. Kwa wasiojua, Uganda tunaita chumba kimoja cha kupanga muzigo, na kila nikimwandikia rafiki yangu wa Mombasa kwamba fulani anakaa kwenye muzigo lazima nimweleze. Ule mji mpya miaka ikaenda kiwanja ni nyasi.

Haya, National Housing. Uhuru umekuja 1962, na mwaka 1964 serikali ikaunda shirika la nyumba kwa sheria ya bunge, National Housing Corporation. Miaka ya 70, wakati wa Amin, wakaongeza neno la ujenzi kwenye jina, ndiyo ikawa National Housing and Construction mpaka leo. Miaka mitatu baada ya shirika kuanza, 1967, ikaja na Housing Finance ya kukopesha watu pesa ya nyumba, hiyo ambayo sasa ni benki kamili. Ukitazama hapo utaona hesabu waliyopiga: mmoja anajenga, mwingine anakopesha, mfanyakazi wa kawaida anakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara. Kwa nchi iliyokuwa na miaka miwili tu ya uhuru hiyo ni akili kubwa na mimi naisifia wazi.

Kazi za hao watu unazipita kila siku kwenye taxi bila kujua. Maflati ya Bugolobi, ya Wandegeya, ya Bukoto. Kuna watu wamezaliwa humo, wameolewa wakitokea humo, na wazazi wao wamefia humo.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa fundi wa enzi hizo, ameshatangulia, Mungu amrehemu. Siku moja tumeitwa kwenye jengo moja la zamani, sitasema wapi, harufu inapanda toka chini mpaka ghorofa ya juu. Tukafungua ile dakti, kile kishimo cha wima nyuma ya jikoni ambako mabomba yote ya jengo yanapita, mimi natarajia plastiki. Kumbe bomba la chuma, cast iron, nene, jeusi, limesimama toka juu hadi chini kama mti. Mzee akaniambia weka mkono hapo kwenye jointi. Nikaweka. Ni baridi, laini, na kuna kaduara kamebonyea bonyea kuzunguka. Akaniambia hiyo ni risasi, ile madini laini, si ya bunduki. Zamani unashindilia kamba ya katani kwenye mdomo wa bomba, unaishindilia kwa patasi na nyundo mpaka haiingii tena, halafu unayeyusha risasi kwenye kikaango juu ya moto, unamimina, ikipoa unaipiga piga kuzunguka ikae. Alama za nyundo ndizo zile nilizoshika. Jointi moja inaweza kukula muda wa jointi kumi za siku hizi. Na ile haikuwa imevuja hata moja, bana. Iliyovuja ilikuwa ya plastiki, mtu alikuwa ameingilia bomba kuu kuongeza choo chake cha pili, akatoboa, akapachika bomba, akaziba na simenti.

Mzee aliikasirikia ile simenti vibaya sana, alikaa kimya kama dakika mbili hivi.

Hapo inabidi nieleze kitu ambacho watu wengi wa maflati hawakijui mpaka leo. Haya majengo mwanzo yalikuwa mali ya shirika, wewe unapanga tu, bomba likipasuka unaita ofisi inatuma fundi. Baadaye serikali ikaanza kuuza nyumba zake, wapangaji wakawa wenye nyumba. Sasa ukiuza jengo vipande vipande, huyu wa chini, yule wa juu, paa la nani? Ngazi za nani? Na hili bomba la chuma linalopita nyuma ya majiko yote la nani? Ndiyo ikaja sheria ya kondominiamu, 2001. Kwa lugha ya fundi inasema hivi: ndani ya kuta zako ni kwako na hati yake unapewa, lakini paa, ngazi, uwanja na mabomba makuu ni ya wote kwa pamoja, na wenye nyumba lazima wawe na umoja wao wa kuyatunza na kuchangia. Sheria nzuri kabisa. Ila kuchangia ndiyo shughuli. Mimi nimekaa kwenye vikao vya hao wenye nyumba, nimeitwa kueleza tatizo, mtu wa chini anasema maji machafu yananirudia kwenye bafu watoto wanaugua, wa juu anasema kwangu hakuna shida. Na anasema kweli, kwake hakuna shida, maji yanashuka hayapandi! Jengo ambalo kikao chao kinafanya kazi unalijua ukiingia getini. Kuna block moja mwenyekiti wao ni mama mmoja mwalimu mstaafu, anatembea na daftari, kila mwezi anagonga mlango kwa mlango, na bomba lao ni lile lile la chuma, linapakwa rangi.

Turudi nyuma kidogo, sababu kuna sehemu haiwezi kurukwa. 1972 Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke. Watu wanaongea sana juu ya maduka na viwanda, lakini ufundi mwingi pia uliondoka, wauza vyuma, wauza mabomba, makontrakta, na majumba waliyoacha mjini yakaingia mikononi mwa bodi ya kutunza mali za walioondoka. Nyumba ikawa ya kugawiwa. Mzee alikuwa anasema miaka ile ukipata elbo, kile kiungo cha kona, ya inchi mbili unaificha chini ya kitanda kama dhahabu. Hakuna vipuri, simenti ni kwa kibali, nani atajenga esteti? Halafu vita. Mpaka mambo yanatulia baada ya 1986 miji imejaa watu na hakuna aliyewajengea vya kutosha miaka zaidi ya kumi. Siku hizi wizara inataja upungufu wa nyumba zaidi ya milioni mbili nchi nzima, na shimo hilo lilianza kuchimbwa miaka hiyo.

Shirika likaamka tena likajenga Naalya, Namungoona, Lubowa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likageuzwa kuwa kampuni, na asilimia 49 ya hisa zikaenda Libya, serikali yetu ikabaki na 51. Ndiyo miaka ile pesa ya Libya imejaa Kampala, ule msikiti mkubwa wa Old Kampala nao ukamalizika. Kuna waliosema kampuni ya nyumba ya wananchi haikufaa kuuzwa nje na mimi niko upande wao kidogo, sababu kampuni ikishatakiwa faida inajenga nyumba ya mwenye mshahara mkubwa. Koplo wa polisi hawezi kununua Naalya. Hilo ndilo linaniuma kwa hii historia yote, kwamba wazo la 1964 lilikuwa ni mfanyakazi wa kawaida.

Ila nenda Naalya utembee. Angalia barabara, angalia manholi, yale mashimo ya kukagulia mabomba, zilivyopangana. Fundi akiingia pale anajua wapi achimbe, hiyo peke yake ni raha.

Kisha zikaja kampuni za watu binafsi. Akright huko Bwebajja barabara ya Entebbe, na nyingine nyingi nyuma yake, mpaka sasa kila ukuta una bango. Nyingi hazijengi nyumba, zinauza plot. Zile za futi 50 kwa 100, ambazo ukipiga hesabu ni desimali kama 11 na nusu, maana ekari ni desimali 100. Jumamosi wanakujazeni kwenye basi bure, soda na mandazi, mnaenda kuona saiti.

Mimi nilipanda hilo basi, 2014. Kampuni sitaitaja. Plot Wakiso, milioni 25, dipoziti halafu kila mwezi kidogo kidogo, nikalipa miaka mitatu bila kukosa hata mwezi mmoja, kuna miezi mke wangu aliuza nguo zake kuijazia. Siku ya saiti walituonyesha mawe ya mipaka, mpya, meupe, wakasema barabara ya mita kumi itapita hapa, maji yanakuja hapa, stima nguzo zile pale. Nikamaliza kulipa. Nikaenda na sepetu yangu kufyeka. Nikakuta kahawa.

Kahawa iliyozaa, imepaliwa vizuri, na migomba, na nyuma ya migomba makaburi matatu yamesakafiwa. Akatoka mwanamke mzee na kitenge kiunoni. Nikapiga goti kidogo nikamsalimia, Jjajja, yaani bibi. Akaniitikia salamu yote mpaka mwisho, akaniuliza habari za nyumbani, habari za watoto, ndipo akasema, "Mwanangu, wewe ni wa tano."

Watu wanne walikuwa wamekuja kabla yangu, kila mmoja na mawe yake ya mipaka.

Kwa mtu asiye wa Uganda hii itamchanganya, ngoja nieleze maana ndiyo kitovu cha kila kitu. Huku Buganda kuna ardhi ya mailo. Ilitoka kwenye mkataba wa 1900, Waingereza wakagawa ardhi kwa maili za mraba, Kabaka, machifu na wakubwa wengine wakapata, na wakulima waliokuwa wakikaa juu yake wakajikuta wako kwenye ardhi ya mtu. Kwa hiyo ardhi moja ina watu wawili: mwenye hati, na mwenye kibanja anayelima na kuzika hapo, analipa busuulu, kodi ya ardhi, kidogo kila mwaka. Sheria ya ardhi ya 1998 inamlinda huyu wa pili. Kama alikuwa amekaa pale miaka 12 au zaidi bila kusumbuliwa kabla ya katiba ya 1995, ana haki ya kukaa, na marekebisho ya 2010 yakaongeza kwamba kumtoa ni kwa amri ya mahakama tu, tena kwa kosa la kutolipa busuulu. Sasa kampuni inanunua hati toka kwa mwenye mailo, inachora plot kwenye karatasi, kwenye karatasi hakuna kahawa. Hati yangu ilikuwa halali kabisa, niliisachi ofisi ya ardhi ikatoka safi. Na kibanja cha Jjajja nacho ni halali, mume wake amezikwa pale toka 1979. Wote wawili tuna haki juu ya udongo ule ule.

Ofisi ya ile kampuni wakaniambia hiyo ni shida ndogo, "tutamtoa". Nikauliza mtamtoa mpeleke wapi. Hawakujibu. Nikawaza mama mdogo na ule mlango wake.

Ukitaka kuona hii shida kwa ukubwa wake nenda Kasokoso, pale Kireka. Hati ilitoka kwa jina la National Housing, watu wako juu ya ardhi kwa maelfu, wana nyumba, wana shule, wana misikiti na makanisa, mgogoro umekwenda miaka na miaka, na umefika mpaka kwa Rais. Kampuni ikashindwa kujenga, watu wakashindwa kulala usingizi. Sijui mtu gani angefurahia upande wowote hapo.

Mimi na Jjajja tulikaa chini ya mti na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na kijana mkubwa wa Jjajja na mke wangu. Vikao vitatu. Kikao cha kwanza kijana wa Jjajja hakunisalimia na sikumlaumu. Mwisho tukagawana, kama wengi wanavyofanya: mimi nichukue desimali 6 upande wa barabarani, yeye abaki na zilizobaki pamoja na makaburi na kahawa yote, na nimkatie hati yake mwenyewe kwa jina lake, gharama zangu. Sevea, mpima ardhi, akaja, tukaweka mawe upya, Jjajja mwenyewe akashika utepe upande mmoja. Hati yake ilichukua miezi kumi na moja kutoka. Alipoipokea akauliza jina lake limeandikwa wapi, nikamwonyesha, akaweka kidole pale akakiacha.

Mdogo wangu, ndiyo maana nasema kazi ya kampuni ya nyumba iko chini, kwenye mambo mawili yasiyopigwa picha kwenye bango: karatasi na bomba. Nani anakaa hapa tayari, umeongea naye, mmemalizana? Na maji yataingia wapi na yatatoka wapi? Sehemu ndogo tu ya Kampala ina bomba kuu la maji taka, wengine wote ni vyoo vya shimo na septiki, yale matangi ya chini ya ardhi, na gari la kunyonya likijaa linapeleka kwenye mitambo ya maji taka ya Lubigi au Bugolobi. Mtu akikata plot 200 mlimani bila mtaro wala njia ya lile gari kupita, amewauzia watu wa bondeni kipindupindu. Nasema hivyo nikijua maana yake, nimezibua visima vya huko chini.

Nyumba yangu imefika lenta, pale juu ya madirisha. Ile barabara ya mita kumi haijaja, tunapita njia ya Jjajja. Mwezi uliopita nimemaliza kuchimba mtaro wa maji machafu, na nikaona upumbavu kuchimba septiki yangu na yeye aendelee na shimo, kwa hiyo nimechimba moja kubwa ya nyumba zote mbili, na kwake nimemjengea bafu dogo nyuma ya jiko. Bomba la inchi 4, mteremko 1 kwa 40, kila mita nne linashuka sentimita kumi, nimepima kwa kamba na leveli mara mbili. Kila kona manholi. Jumapili tukajaribu. Mimi nimesimama juu kwenye bafu na ndoo, nimeweka blu ya kufulia kwenye maji ili yaonekane, Jjajja amekataa kiti amesimama kwenye manholi ya mwisho ameinama ameshika magoti, kijana wake yuko katikati anasikiliza bomba. Nikamwaga. Kimya. Nikahesabu moyoni.

Kisha nikamsikia toka kule chini ya migomba, "Yamefika! Ya bluu!"